Eti Mashine Haina Mjomba

Akili mnemba inaponadiwa kwa walimu wakuu, hoja inayopigiwa makofi ni ileile: mwalimu ana vipenzi vyake, lakini mashine haina mjomba, itasahihisha kwa haki.

Uingereza walishaionja haki hiyo. Mwaka 2020, korona ilipofuta mitihani ya A-level, mamlaka ya mitihani, Ofqual, iliwataka walimu wakadirie alama na kuwapanga wanafunzi kwa nafasi. Kisha fomula ya kompyuta ikazipitia, ikiangalia shule ilifaulisha vipi miaka ya nyuma. Haikuwa akili mnemba ya leo, ila ahadi ilikuwa hiyohiyo. Agosti 13 matokeo yakatoka: karibu asilimia 40 ya alama za walimu zimeshushwa. Binti mwenye kichwa chepesi, kwenye shule isiyozoea kutoa A, alihukumiwa kwa matokeo ya waliomtangulia. Madarasa yenye wanafunzi watano au chini ya hapo yaliachiwa makadirio ya walimu, maana hesabu ya namna hiyo huyumba idadi ikiwa ndogo. Na madarasa madogo hivyo yamejaa wapi? Shule za kulipia. Hakuna aliyekusudia kuwabeba watoto wa wenye nazo, walibebwa tu. Vijana wakaandamana, na siku nne baadaye serikali ikasalimu amri.

Mwalimu anayependelea, mzazi humfuata ofisini na daftari mkononi. Fomula utaifuata wapi?

Sisi tuna sababu ya ziada ya kushtuka. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipima programu saba zinazodai kutambua maandishi ya mashine. Insha za mtihani wa TOEFL, za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, zaidi ya nusu zilidhaniwa kuwa kazi ya mashine. Za wanafunzi wa Marekani zilipita karibu zote. Kosa la wale wa TOEFL? Msamiati mwepesi. Sasa mfikirie mtoto wa kidato cha kwanza Nachingwea, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akijibu swali la Biolojia kwa Kiingereza cha kukariri. Huyo ndiye aitwe mwizi?

Mashine zitunge maswali ya mazoezi, zimwandalie somo mwalimu mwenye darasa la watoto 90. Hapo sina ugomvi. Alama ni habari nyingine. Anayeiuzia shule mfumo wa kusahihisha aandike kwenye mkataba, kwa jina na cheo, nani ataitwa ofisini mtoto akikatwa alama kimakosa. “Mfumo ndivyo ulivyosema” si jina la mtu.