Wasomi wa Haki Warudi Watusomee Walichoandika



Sisi tukaao Kibera na Kawangware twawajua vijana hawa. Huja na karatasi na kalamu, wakauliza: kodi ya nyumba ni shilingi ngapi, maji mnateka wapi, choo kimoja watu wangapi, baba anafanya kazi gani. Ni wanafunzi wa digrii ya pili, wanasomea haki za binadamu. Wengine ni wa vyuo vikuu vya hapa Nairobi, wengine wametoka Ulaya na Marekani. Twawajibu kwa adabu. Kisha huenda zao, na habari zetu huenda nao.

Wako wenzetu wasemao watu hawa wafukuzwe. Sisi hatukubali. Twasema waje, tena waje wengi, lakini wakimaliza warudi watusomee walichoandika, kwa Kiswahili, siku ambayo mfanyakazi yuko nyumbani.

Tazameni hasara ya kuandikwa bila kusomewa. Kwa miaka mingi iliandikwa duniani kote kwamba Kibera ina watu milioni moja na zaidi. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ikapata 170,070. Kama maandishi yale yangalisomwa mbele ya wenyeji, mzee mmoja angaliinua mkono na kuuliza: "Bwana, hao milioni wanalala wapi?" Si jambo la kuchekesha tu. Maji, shule na zahanati hupangwa kwa hesabu, na hesabu mbovu huzaa mpango mbovu.

Tazameni sasa faida ya elimu inayokaa pamoja na watu. Mwaka 2004 Shirika la Reli lilitoa ilani kwamba waliojenga karibu na njia, Kibera na Mukuru, wahame. Sisi wa reli jambo hilo latugusa pande mbili: baadhi yetu ndio watengenezao njia ile, na baadhi yetu wamepanga chumba hatua chache tu kutoka njia hiyo hiyo. Muungano wa Wanavijiji na Pamoja Trust hawakukaa kimya. Wakubwa wa reli na wakaaji walisafiri mpaka Mumbai, Bara Hindi, kuona watu wa kando ya reli walivyohamishwa bila kutupwa. Wakaaji wenyewe wakashiriki kuhesabu nyumba na vibanda. Baadaye nyumba mpya zikajengwa kando ya njia.

Lakini ubomoaji haukuwa wa zamani za wakoloni tu. Mambo ya kubomolewa yalirudi tarehe 23 Julai 2018. Siku hiyo matingatinga yaliingia Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, kabla mpango wa kuwahamisha watu haujakamilika. Maelfu walikosa makao, na shule zilibomolewa.

Haki yenyewe imekwisha andikwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa mfanyakazi haki ya kuingia chama na kugoma. Kifungu cha 43 chataja nyumba, maji na afya. Tangazo la Haki za Binadamu la tarehe 10 Desemba 1948, kifungu cha 27, lasema kila mtu ana haki ya kushiriki katika faida za elimu ya sayansi. Basi elimu iliyochumwa kwetu, nasi tuna fungu letu.

Lakini mikutano ya haki hufanywa mara nyingi mjini, katika hoteli, kwa Kiingereza, saa ambayo sisi tuko kazini. Tarehe 23 Aprili 1950 Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi, alidai uhuru kamili wa Afrika Mashariki katika ukumbi wa Kaloleni, mtaani kwa wafanyakazi. Maneno makubwa hayahitaji hoteli.

Twataka mambo matatu. Kwanza, mikutano ifanywe Jumapili alasiri, Kibera na Kawangware, kila mahali kwa shauri lake, maana Kibera sehemu kubwa ni ardhi ya Serikali, na Kawangware mashamba mengi ni ya watu binafsi. Pili, matangazo yabandikwe stesheni, kanisani, msikitini na kwenye lango la karakana. Tatu, kila mwanafunzi atuachie kurasa mbili za Kiswahili. Kitabu kikubwa apewe mwalimu wake.

Nasi tuna wajibu. Tukiitwa, twende. Twende na wake zetu, maana wao ndio wajuao foleni ya maji. Tuulize bila haya, na palipokosewa tuseme pamekosewa.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekwisha kuja mara nyingi. Mwenyeji bado anangoja kupona.

Umoja ni nguvu.