Yule Mtu Mweupe wa Kwenye Taa

Columbus, Ohio

Ndugu zangu wa Magomeni,

Nawaandikia kwa sababu ya utani wenu wa juzi kwenye simu, kwamba huku taa ikiwaka mtu anavuka hata akifumba macho. Jamani, kuvuka hivyo nusura kuniponze.

Mataa ya huku hayana mtu wa kijani. Huwaka mtu mweupe anayetembea, na muda ukiisha hutokea kiganja cha rangi ya chungwa. Wiki iliyopita mtu mweupe aliwaka, nikashuka barabarani na mfuko wangu wa mboga. Hatua ya tatu, gari lililokuwa linakata kona kulia likasogea mpaka boneti ikagusa mfuko. Dereva akafunga breki, akainua mkono kuomba radhi. Hakuwa amelewa wala hakushika simu. Alikuwa anatazama kushoto, na mimi nilitokea kulia kwake.

Huku magari hupita upande wa kulia. Anayekata kulia anaruhusiwa kwenda hata taa yake ikiwa nyekundu, mradi asimame kwanza na awapishe wanaovuka. Lakini hatari yake yeye inatoka kushoto, yanakotoka magari, basi macho yanahamia huko. Ruhusa hiyo ilienezwa na shida ya mafuta: mwaka 1975 serikali kuu iliyabana majimbo yaikubali ndipo yapate msaada wa mipango ya nishati, ili magari yasichome petroli bure kwenye taa. Wazee wetu wanaikumbuka shida ile, Jumapili mchana magari yakizuiwa kutembea. Kwetu katazo liliondoka. Huku ruhusa imebaki mpaka leo.

Hata kwenye kijani hakuna amani. Dereva anayekata kushoto huvizia nafasi kati ya magari yanayomjia. Akiipata anakanyaga mafuta, na mwisho wa kona yake ndipo nilipo mimi, labda nimefichwa na nguzo ya kioo chake. Taa imeturuhusu sote wawili kwa wakati mmoja, ikatuachia tumalizane wenyewe.

Ipo miji iliyojirekebisha. New York haikubali kona ya kulia kwenye nyekundu ila penye kibao cha ruhusa. Tena kwenye makutano mengi mwenda kwa miguu hupewa sekunde chache za kutangulia kabla magari hayajapata kijani, hivyo dereva anapogeuka anamkuta mtu tayari yuko katikati, mbele ya macho yake.

Kwa hiyo mkienda kwa diwani kudai mataa pale shuleni, msiishie kwenye nguzo na balbu. Ulizeni: mtoto akiruhusiwa kuvuka, ni gari gani nalo limeruhusiwa kukata kona? Na atangulizwe sekunde ngapi?

Pale Magomeni tunavuka tukimtazama dereva usoni. Nilidhani ni ushamba wa barabara zetu, nikauacha uwanja wa ndege. Sasa nimeurudia: mtu mweupe akiwaka, natafuta kwanza macho ya anayekata kona.

Shangazi, ukija Juni, kumbuka huku tunaanza kutazama kushoto. Na mfuko wa mboga nitabeba mimi.

Wenu,
Mtoto wa Magomeni