Skapulari si Dawa
Wako kati yetu wanaovaa skapulari ya Bikira Maria kama hirizi: eti itafukuza wachawi, italeta watoto na mali. Tunawauliza: je, Isidore Bakanja ilimfaa hivyo? Kijana huyu wa Kongo alibatizwa mwaka wa 1906. Mzungu wa kampuni alimwamuru avue skapulari. Akakataa, akapigwa fimbo hata mgongo wake ukaoza. Skapulari haikuzuia fimbo. Akafa mwaka wa 1909, akiisha kumsamehe aliyempiga. Mwaka wa 1994 Papa Yoane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri. Basi, skapulari ni alama ya kumfuata Maria na Mwanawe. Anayeivaa bila kumsamehe jirani yake, amejifunga kitambaa tu shingoni.