BUSTANI NA SHAMBA: Salvia Katika Tuta la Jua

Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Lakini uko mmea uchumao juani na kula papo hapo juani, nao ukipelekwa kivulini hudhoofika. Mmea huo ni salvia.

Salvia ni wa jamaa ya mrehani na mnaanaa, na shina lake, kama mashina ya ndugu zake hao, lina pembe nne. Mtu akilishika kwa vidole atazihisi. Aina zake zapita mia tisa duniani. Nyingine ni za Afrika hasa: Salvia nilotica huota yenyewe katika nchi za juu, tangu Ethiopia hata Zimbabwe. Zipandwazo sana bustanini zilitoka Amerika, kama Salvia leucantha ya Meksiko, yenye majani membamba ya kijivu na mashada ya zambarau laini mithili ya mahameli. Na Salvia farinacea, yenye maua ya buluu.

Vitabu vingi vya bustani viliandikwa Ulaya, navyo huuita mmea sugu ule unaostahimili theluji. Shauri hilo halimfai sana mkaaji wa Nkubu, katika mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, karibu kabisa na Ikweta. Huko adui si theluji. Adui ni kivuli, na maji yatuamayo mizizini. Vitabu hivyo husema pia kwamba tuta lielekee kusini. Lakini Nkubu jua la Desemba hupita upande wa kusini, na jua la Juni upande wa kaskazini, hata tuta lililobanana na ukuta wa pande hizo hukosa jua miezi kadhaa. Basi yafaa lifanywe upande wa mashariki au wa magharibi, au mahali pa wazi kabisa, mbali na migrevilea na migomba.

Udongo mwekundu wa Nkubu ni mzuri, ila tuta liinuliwe kidogo ili maji ya mvua yapite. Samadi iliyooza itiwe kwa kiasi. Ikizidi, mmea hutoa majani tele na maua haba. Si lazima kununua miche. Mkulima akate kijiti kisicho na ua, chenye urefu wa inchi nne, chini kidogo ya fundo. Aondoe majani ya chini, akichomeke katika mchanga wenye unyevu, mahali penye kivuli chepesi. Baada ya mwezi hivi kitakuwa na mizizi. Miche ihamishwe mvua zinapoanza, mwezi wa Machi au Oktoba, na kila mche wa leucantha upewe nafasi ya futi tatu. Kabla ya kiangazi, nyasi kavu zitandazwe juu ya udongo, lakini zisiguse shina.

Mashada yaliyonyauka yakatwe, na mengine yatachipuka. Kila mwaka, mvua zikianza, kichaka chote kipunguzwe hata futi moja kutoka chini. Asiyethubutu kukata hubaki na miti mikavu yenye maua machache kileleni.

Wako watakaouliza: ua haliliwi, na shamba ni dogo, ya nini kulipanda? Jawabu liko kwa nyuki. Mbuni huchanua siku kumi hivi baada ya mvua kunyesha, na maua yake hunyauka baada ya siku chache. Siku zilizobaki nyuki wanataka chakula, na tuta la salvia lililotunzwa huwapa, hata katika miezi mikavu. Katika aina nyingi za salvia, nyuki aingiapo husukuma kijiti kidogo ndani ya ua, na chavua humwangukia mgongoni. Mjerumani Christian Konrad Sprengel alilieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1793.

Ni kweli kwamba mbuni wa arabika waweza kujichavusha wenyewe. Hata hivyo utafiti uliofanywa Costa Rica, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba mibuni iliyo karibu na msitu wenye nyuki ilizaa zaidi kwa asilimia 20. Tuta moja si msitu, wala halitaleta faida kama hiyo peke yake. Lakini nyumba kumi zikiwa na matuta kumi, nyuki hawatakuwa na sababu ya kuhama.

Jambo moja lisisahauliwe. Mwenye kupiga dawa ya wadudu katika kahawa asipige maua yakiwa wazi na nyuki wakiwa kazini, wala asiuache upepo uipeleke dawa hiyo kwenye tuta. Nyuki aliyealikwa mlangoni kwa ua, kisha akauawa shambani kwa dawa, hataonekana mbuni utakapochanua.