Mpeni mjomba upolisi
Na Edna Ntibaheza

Wachekeshaji wetu wengi wakitaka kicheko cha haraka humteremsha mjomba wa mkoani katika basi la Dar. Anashangaa maghorofa, anatapeliwa, na kila akifungua mdomo watu hoi. Kiswahili chake kikiwa na Kihangaza au Kishubi ndani yake, basi kazi imekwisha, hata hadithi haihitajiki.

Ndugu wawili watengeneza filamu wa Marekani, Joel na Ethan Coen, walifanya kinyume. Kwao ni Minnesota, jimbo la theluji lililo mbali na Hollywood. Katika Fargo (1996), muuza magari mwenye madeni anakodi wahuni wamteke mkewe ili baba mkwe atoe fedha. Usiku wa siku ya utekaji watu watatu wanauawa. Anayeifumbua kesi ni Marge, polisi mjamzito wa mji mdogo, mwenye lafudhi nzito ya Minnesota. Tunamcheka, ndiyo, lakini filamu nzima hakuna anayemzidi akili. Baadhi ya watu wa huko walinung'unika kwamba wamekejeliwa. Mimi naona waliheshimiwa. Frances McDormand, mke wa Joel, alipata Oscar kwa nafasi ya Marge.

Fedha za njia ya mkato ndizo hadithi yao ya siku zote. Katika The Big Lebowski (1998) ni utekaji tena, na begi la fidia limejazwa nguo chafu. Katika No Country for Old Men (2007), isiyo na kicheko kabisa, mwindaji anaokota dola zaidi ya milioni 2 na amani inamtoka papo hapo. Utani wao haukomei kwenye filamu: mhariri wao Roderick Jaynes, aliyependekezwa Oscar mara mbili, hajawahi kuwepo. Ni wao wenyewe.

Sasa niambieni, hadithi hizo hazipo kwetu? Biharamulo imeona dhahabu ya Tulawaka ikija na kuondoka na ndoto za watu. Ngara inaisubiri nikeli ya Kabanga miaka nenda rudi. Malori yanavuka mpaka wa Rusumo usiku na mchana, na kila kijiji kina jamaa aliyeuza ng'ombe akafuata utajiri wa wiki moja.

Kijana wa Ngara mwenye kamera, acha kumpeleka mjomba Dar akachekwe. Mpe upolisi pale Benaco, aseme kama wanavyosema kwao, na awe wa kwanza kumjua mwizi.