Feni ya Bafuni Inapuliza Hewa Wapi?

Wadau, ukienda na dalali kuangalia nyumba ya kupanga hapa Dar es Salaam, kuna mambo utaonyeshwa hata bila kuuliza. Utaonyeshwa vigae, makabati ya jikoni, luku ya peke yako, tangi la maji na sehemu ya kuegesha gari. Mkifika kwenye bafu la masta, dalali atawasha taa, atafungua bomba ili uone maji yanatoka, halafu safari inaendelea. Mvuke wa maji ya kuoga utatokea wapi? Hilo hakuna anayeliuliza. Mimi nasema tuanze kuliuliza, tena kabla ya kutoa kodi ya miezi sita.

Zamani swali hili halikuwa na uzito. Nyumba nyingi za Kiswahili zilikuwa na bafu uani, na upepo ulifanya kazi yake. Hata maghorofa ya zamani ya Upanga yalijengwa na matofali ya matundu na madirisha ya luva. Siku hizi bafu limeingia chumbani. Dirisha ni la alumini na kwa sababu ya mbu na vumbi halifunguliwi, dari ni la jipsamu, na chumba kina kiyoyozi. Mabafu mengine hayana dirisha kabisa, kwa kuwa ukuta umepakana na ngazi au chumba cha jirani.

Matokeo yake wengi tunayajua. Dari la bafu linaota madoa meusi, mashuka yanatoa harufu ya uvundo, na viatu vya ngozi ulivyoviweka kabatini mwezi mmoja unavikuta vimeota ukungu. Kiyoyozi nacho kinachangia. Hewa ya joto inayotoka bafuni imebeba mvuke mwingi, na ikigusa ukuta uliopozwa, mvuke unageuka maji. Ukungu ukishapata maji na vumbi, hauhitaji kingine.

Hili si suala la urembo wa nyumba tu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 likieleza kwamba watu wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu na ukungu wako katika hatari zaidi ya kupata pumu na matatizo mengine ya kupumua. Na kuna kisa kilichotokea Uingereza ambacho kila mwenye nyumba angepaswa kukijua. Desemba 2020, mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak, ambaye wazazi wake walitoka Sudan, alifariki katika mji wa Rochdale. Uchunguzi wa kifo chake uliokamilika Novemba 2022 ulieleza kwamba chanzo kilikuwa maradhi ya njia ya hewa yaliyotokana na kuishi muda mrefu kwenye nyumba yenye ukungu. Baba yake alikuwa ameanza kulalamika tangu 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Kifo hicho kilizaa sheria mwaka 2023. Tangu Oktoba 2025, wamiliki wa nyumba za kijamii kule England wanatakiwa kuchunguza tatizo kubwa la unyevu ndani ya siku 10 za kazi, na kushughulikia hatari ya dharura ndani ya saa 24.

Kinachonigusa zaidi kwenye kisa kile ni ile dhana kwamba ukungu umeletwa na namna familia inavyoishi. Hata kwetu ipo. Mpangaji akilalamika anaambiwa afungue dirisha, asianike nguo ndani, au apake rangi. Jamani, kuoga si tabia mbaya! Bafu limejengwa ili watu waoge. Kama haliwezi kutoa mvuke wa watu wanne wanaooga asubuhi, kasoro iko kwenye jengo, si kwa waogaji.

Sasa tuje kwenye feni yenyewe, ile ambayo mafundi wanaiita egzosti. Kabla ya kuidai, hakikisha kwanza tatizo ni mvuke. Kata kipande cha karatasi ya foili ya jikoni, kibandike kwa gundi ya utepe ukutani pande zote nne, ukiache siku moja au mbili. Ukikuta majimaji nyuma ya foili, maji yanatoka ndani ya ukuta, na hapo tafuta bomba linalovuja, paa au msingi, maana feni haitakusaidia. Ukikuta majimaji upande wa mbele, unyevu uko hewani na feni ina kazi.

Kama feni ipo tayari, iwashe na uiwekee karatasi laini ya chooni. Ikinasa, inavuta. Kisha uliza hewa inatokea wapi. Nenda nje ulione tundu kwa macho yako. Nyingine bomba lake linaishia juu ya jipsamu, kwa hiyo mvuke unahama bafuni kwenda kuozesha mbao za dari. Hiyo ni feni ya kuonyesha wapangaji, si ya kutoa unyevu.

Kuhusu ukubwa, hesabu ni rahisi. Bafu la mita 2 kwa 1.5 lenye kimo cha mita 2.7 lina mita za ujazo 8 hivi. Mwongozo wa ujenzi wa England unataka feni ya bafuni itoe angalau lita 15 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 54 kwa saa. Kwa bafu hilo, ni hewa ya chumba kizima kila baada ya dakika 9. Feni ya inchi 4 iliyofungwa kwenye ukuta wa nje inaweza kufikia hapo bila shida. Lakini kama lazima hewa ipite kwenye bomba refu lenye kona, feni ya mapanga ya kawaida itachoka njiani, na itabidi itafutwe ile yenye mota ya kusukuma hewa kwenye bomba.

Usishawishike na feni inayojiwasha yenyewe ikihisi unyevu. Kwa mji wa pwani kama wetu, ambako hewa ya nje nayo imejaa unyevu, inaweza kuzunguka mchana kutwa. Bora yenye taima, inayoendelea dakika 15 au 20 baada ya kuzima taa. Iwe na kifuniko kinachojifunga ikizimwa, ili mende na mbu wasipate mlango. Acha pia upenyo wa kidole kimoja chini ya mlango wa bafu, kwa sababu hewa haitoki kama hakuna nyingine inayoingia. Na kwa kuwa ni umeme karibu na maji, mfungaji awe fundi mwenye leseni, si kishoka.

Tusidanganyane, feni haitaikausha nyumba wakati wa masika. Inachofanya ni kuondoa mvuke ulioongezwa na kuoga kabla haujafika chumbani. Maji yaliyobaki sakafuni yasukume kwa mpira hadi kwenye shimo la kutolea maji, yasibaki kugeuka mvuke.

Nani alipe? Kwa maoni yangu, mwenye nyumba. Tundu linatobolewa kwenye ukuta wake, na feni itabaki pale mpangaji akihama. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, kama ile ya Kenya ya mwaka 2012, inauhesabu wajibu wa kuweka nyumba katika hali ya kufaa kukaliwa na binadamu kuwa sehemu ya mkataba wa upangaji. Na asiseme umeme utaliwa. Feni ya wati 20 ikifanya kazi saa moja kila siku haimalizi hata uniti moja kwa mwezi. Kupaka rangi upya kila mpangaji anapohama kuna gharama kubwa zaidi.

Najua wengine mtasema nyumba zenyewe hazipatikani, ukianza kuuliza maswali dalali anampa mwingine. Ni kweli, mpangaji mmoja hana nguvu. Ila maji na luku navyo kuna wakati havikuwa vya kutangazwa, mpaka wapangaji walipoanza kuviuliza kila siku. Kama unapenda nyumba na feni haipo, omba ifungwe kabla hujahamia. Mwenye nyumba akisema hana fedha, kubalianeni uifunge wewe na gharama ikatwe kwenye kodi, na hilo liandikwe kwenye mkataba kabla hujatoa ile miezi sita. Ukishalipa, ni wewe utakayekuwa unaomba.

Naomba kuwasilisha.