Mkono wa Shemeji Hauna Nuksi

Mwezi huu tunaingia jikoni, tena si kwa pilau wala keki ya bethdei. Tunaenda kwenye ndoo ya wanzuki. Najua wapo walioshakunja sura: gazeti la wapendanao na pombe ya kienyeji, wapi na wapi? Subiri kidogo, utaona.

Nina binamu yangu, mwalimu wa sekondari huko Ushetu, mkoani Shinyanga. Mkewe ni muuguzi. Wanajitengenezea wanzuki wao nyumbani, si wa kuuza, ni wa wageni na sikukuu, kama wazee wa Unyamwezini walivyofanya kwa asali ya miombo. Sasa asali ikapanda bei, wao wakahamia kwenye sukari. Kilo tatu kwenye ndoo ya lita 20, hamira juu, kifuniko. Siku ya kwanza povu linapanda vizuri. Siku ya pili limepungua. Siku ya tatu kimya. Ukionja bado ni tamu, lakini chini ya utamu kuna ukali unaokunja ulimi. Ndoo ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tatu hivyo hivyo.

Mama mkwe akatoa hukumu: mkono wa mwali una nuksi. Kwenye sherehe ya wifi yake asisogelee chungu. Na binamu yangu? Kimya. Eti hakutaka kumjibu mama yake mbele ya watu. Shemeji akanipigia simu usiku na sauti ya mtu aliyekwisha kulia. Jamani, wanaume, huo ukimya mnaouita heshima, huyo mwenzio anausikia kama ndiyo.

Hebu tuiache ndoa kidogo tuitazame ndoo.

Hamira ni kiumbe hai. Inakula sukari, inatoa kilevi na ile gesi inayopandisha povu. Wakati huohuo, kila inapomeza chakula chake chenye naitrojeni, inatema asidi nje. Gesi yenyewe nayo ikiyeyuka kwenye maji inaongeza uchachu. Kwenye pombe ya mtama hili si tatizo kubwa, kwa sababu nafaka ina protini na madini ya fosfeti yanayoibeba asidi na kuipunguza makali. Sukari nyeupe haina kitu. Ni sukari tupu na maji. Asidi inayotoka haina pa kushikwa, kwa hiyo uchachu unapanda kwa kasi, na mwisho hamira inakaa ndani ya uchafu wake yenyewe mpaka inashindwa kufanya kazi. Njaa inamalizia, maana kiumbe hakiwezi kuishi kwa sukari peke yake, hata wewe huwezi.

Kwa nini basi asali ya mama mkwe haikuwahi kugoma? Si kwamba asali haina asidi. Inayo, pH yake mara nyingi iko karibu na 4. Ila wazee walikuwa wanaponda masega mazima, na chavua yake, na watoto wa nyuki humohumo. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha hamira. Shemeji alirithi ndoo bila masega, halafu akalaumiwa yeye.

Uchachu unapimwa kwa kipimo cha pH: 7 ni katikati, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi. Ukishuka hatua moja, uchachu umeongezeka mara 10, kwa hiyo pH 3 ni chachu mara 100 kuliko pH 5. Kipimo hiki, kama hujui, kilizaliwa kwenye kampuni ya bia. Mwaka 1909 mkemia S. P. L. Sørensen alikibuni kwenye maabara ya Carlsberg, Copenhagen. Na mkewe, Margrethe Høyrup, alikuwa mwenzake wa maabara; mwaka 1917 walichapisha pamoja utafiti wao kuhusu ute wa yai. Mke na mume wanapima badala ya kunyoosheana vidole. Mimi hapo nilicheka peke yangu.

Kwa ndoo ya sukari, anza karibu na pH 5, na jitahidi isishuke chini ya 3.5. Ikikaribia 3 usishangae kimya kikitanda. Usitake pia kuufuta uchachu wote, maana ndio mlinzi wako: chini ya 4.6 bakteria wa botulizimu, mwenye sumu mbaya kuliko unavyodhani, hawezi kuota. Karatasi za kupimia zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya maabara za shule. Omba za rangi nyingi zenye namba, si litmasi ya bluu na nyekundu, ile itakuambia tu kwamba ni asidi, na hilo ulimi ulishakuambia. Kabla ya kupima, tikisa kwanza hicho kijiko ulichochota mpaka gesi itoke, la sivyo itakudanganya.

Dawa yenyewe unaitupa kila asubuhi baada ya chai: ganda la yai. Karibu lote ni chokaa ile ile ya chaki halisi na makombe ya baharini. Chemsha ganda, toa ule utando wa ndani, kausha, twanga liwe unga. Kwa lita 20 anza na nusu ya ganda moja, taratibu, kwa sababu litafoka na ndoo ikijaa sana utapiga deki usiku. Subiri saa kadhaa, pima tena, ongeza ikibidi. Uzuri wake ni kwamba linayeyuka kwa kukutana na asidi; uchachu ukipungua, nalo linatulia chini. Si rahisi kupitiliza.

Bekingi soda inafanya kazi haraka, ila ina chumvi yake, ukizidisha wanzuki utaonja kama machozi. Bekingi poda usiguse kabisa, ina asidi yake ndani, zinamalizana zenyewe kwa zenyewe. Magadi ya kulainishia maharage nayo niyaache: ni makali, na mengi ya yale ya kaskazini yana floraidi nyingi, ile inayotia meno madoa ya kahawia.

Halafu kuna wale wa kukamua ndimu mwanzoni "ili sukari ivunjike". Kazi hiyo hamira inaifanya yenyewe, ina kimeng'enya chake. Ndimu hapo inaongeza asidi kwenye ndoo isiyo na kinga. Mimi ningeweka kimea cha mtama au ulezi: chemsha kikombe kimoja kwa maji, chuja, poza, mimina. Kinalisha hamira na kinashika asidi. Ndoo ya nne ya shemeji ilipata kimea na ganda moja la yai, ikachemka siku nane.

Chombo nacho. Ndoo ya bati na sufuria ya alumini havifai, uchachu unakula chuma. Zinki ya kwenye bati inatapisha watu. Na kwa nyie mlioko ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, na mnaolima tumbaku Ushetu: dumu lililobeba sayanaidi, zebaki au dawa ya shambani halisafishiki kwa sabuni. Nunua dumu jipya la chakula. Bei yake ni ndogo kuliko nauli ya hospitali.

Wanaowaza kuitia motoni na kukinga mvuke wajue hiyo sasa ni gongo, na kuitengeneza bila leseni kumekatazwa kisheria tangu 1966. Ukitaka kuuza hata wanzuki wa kawaida, tafuta kibali kwanza.

Jambo la mwisho, maana najua mtaniuliza. Ndoo ikinuka siki, si kwamba imegoma, imeingiwa na bakteria wanaopenda hewa, kwa sababu kifuniko kilikuwa wazi. Hapo hakuna ganda la yai litakaloirudisha. Ichuje, iweke kwenye chupa, na mtie kwenye kachumbari.